K Mbili za Jirani

Jirani yangu alikuwa anaogopa ngazi. Naanza na hilo mapema, maana watu wakisikia kwamba kulikuwa na mtu aliyejenga ndege nyuma ya nyumba yake pale Ilembo, mjini Mpanda, wanakaa vizuri kwenye viti wakisubiri habari za shujaa. Shujaa huyo, bati lake likianza kuvuja, alikuwa anakuja dirishani kwangu na mwavuli mkononi, anasema, "Jirani, panda wewe, mimi nitashika ngazi." Basi anaishika kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Juu niko mimi, kizunguzungu anakisikia yeye.

Alikozaliwa na ukoo wake sitavieleza. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu, "Kwani unataka kunioa?" Kwa hiyo tubaki kwenye ujirani. Yeye aliniita Jirani, mimi nikamwita Jirani, na watu wa mtaa walipotaka kututofautisha walisema Jirani wa Ndege na Jirani wa Dirishani.

Wa dirishani ni mimi. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumfanya mtu yeyote anitafute, nikafungua duka kwenye dirisha la chumba cha mbele: sabuni, chumvi, viberiti, mafuta ya taa. Uzuri wa duka la namna hiyo ni kwamba unakwenda kazini bila kuvaa viatu. Mke wangu alikuwa anawaambia wenzake kwamba ameolewa na kabati. "Ukiliacha pale asubuhi, jioni unalikuta pale pale, na vumbi limeongezeka." Inyonga, ambako mjomba wangu alikuwa na mizinga yake ya nyuki, sikuwahi kufika. Vilima vya Mwese nilikuwa naviona kwa mbali siku hewa ikiwa safi, na kwa hesabu zangu hiyo ilitosha kusema nimetembelea.

Jirani alikuwa fundi mstaafu wa reli. Zaidi ya spana, kwa miaka mingi alikuwa anakaa na ile simu ya kuzungusha mkono, anaziuliza stesheni za mbele treni iko wapi. Swali hilo lilimganda ulimini. Kwenye mkutano wa mtaa, wazungumzaji wakishazunguka vya kutosha, sauti ilitoka nyuma: "Sasa tuko wapi?" Kanisani, mahubiri yakirefuka, alikuwa anamwinamia mkewe na kumnong'oneza kwa sauti ambayo hata padri aliisikia: "Tuko wapi?" Mimi na mke wangu tukigombana, kichwa chake kilitokea juu ya ua wa mabua. "Jirani, tuko wapi?" Alitaka kujua ugomvi umefika wapi, kama aje kuamulia sasa au amalize ugali kwanza.

Mpanda, kwa asiyejua, ndipo reli inapoishia. Unatoka Tabora, unapita Kaliua, unaendelea kupita msitu ambao hauna haraka ya kwisha, mpaka treni inafika mahali pasipo na reli tena. Hapo ni kwetu. Siku zile tulikuwa bado Mkoa wa Rukwa, na makao makuu ya mkoa yalikuwa mbali kiasi kwamba tuliyasikia zaidi redioni. Jirani hakuwahi kuisamehe reli kwa jambo hilo la kuishia. "Treni ni kitu gani?" alikuwa anasema. "Dereva hata usukani hana! Ukilala unafika, ukiamka unafika. Mtu hawezi hata kupotea kwa heshima zake." Kisha anaongeza, kwa dharau kubwa, maneno ambayo mtaa mzima tuliyajua kwa moyo: "Reli hii inaishia Mpanda."

Ndege yenyewe ilianza ikiwa kabati la vyombo. Hivyo ndivyo alivyomwambia mkewe, ambaye mimi nilimwita shemeji. Shemeji alivumilia mpaka siku kabati lilipoota mkia. Michoro Jirani aliipata kwa padri mmoja mmisionari mwenye ndege ndogo, ambaye alimfundisha pia kuirusha, kwa malipo ya kumtengenezea jenereta ya misheni. Jenereta hiyo iliharibika mara nyingi mno katika kipindi cha mafunzo, na ilipona kabisa mafunzo yalipokwisha. Mimi sisemi kitu.

Mbavu zilikuwa mbao za paini. Ngozi ilikuwa kitambaa cha marekani kilichopakwa dawa yenye harufu ya kumlewesha mpita njia. Injini ilitoka kwenye Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, iliyokuwa imefia Sumbawanga kwa uzee. Kazi ilichukua muda mrefu kiasi kwamba watoto waliozaliwa ikiwa fremu walianza shule ikiwa bado fremu. Watu waliopita njia waliuliza, "Mzee, bado haijaruka?" Akawajibu, "Bado haijaota manyoya."

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe bila kuona haya. Ukimwomba spana hakukupa. Alikuja nayo, akasimama pembeni kama askari magereza mpaka umalize, akaondoka nayo. Lakini sufuria za shemeji zilipotea moja baada ya nyingine, na kila ilipopotea moja ndege iliongezeka kipande kinachong'aa. Kiswahili alikilinda kama mali ya ukoo. Ole wako useme "dashibodi" mbele yake, atataka useme "ubao wa vipimo". Lakini nyundo ikimpiga kidole gumba, alitukana kwa Kiingereza safi, kwa maelezo kwamba lugha ya kuumia waliileta wenyewe.

Na alikuwa na maneno kuhusu paa langu. Alinipa yeye mwenyewe rangi nyekundu ya mabehewa iliyokuwa imebaki karakana. Nikaipaka paa langu mpaka katikati, rangi ikaisha, na mimi nikaisha. Nusu nyekundu, nusu kutu. "Nikipata rangi nyingine nitamalizia," nilisema. Ilipita miaka. Kila asubuhi salamu yake ilikuwa moja: "Jirani, habari za nusu?" Nami nikamjibu, "Nzuri. Habari za kabati?"

Halafu macho yake yakaanza kuingia ukungu. Tuligundua mapema kuliko alivyopenda. Siku moja niliingia ndani kupima mchele, nikamwacha mbuzi wangu amesimama mbele ya dirisha la duka. Niliporudi nikamkuta Jirani anamweleza mbuzi habari za kabureta, kwa utulivu, na mbuzi anamsikiliza. "Mbona leo umekuwa mpole hivi, Jirani?" alikuwa anamuuliza. Mke wangu alisema hajawahi kuniona nikisikiliza mtu vizuri namna ile.

Daktari wa hospitali akamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba Tabora wapo wanaoyapasua na mtu akaona tena. Katika maelezo yote hayo, neno alilolisikia lilikuwa moja: kupasua. Mtu anayefumba macho akiona ngazi, unamwambia atapasuliwa hayo macho! Akarudi nyumbani akasema daktari ameagiza ale karoti.

Toka siku hiyo alifanya kazi kwa haraka. Hakumwambia mtu sababu, na kila mtu aliijua. Alitaka ndege iruke kabla giza halijafunga. Alitaka kuiona Mpanda kutoka juu mara moja, akiwa na chochote cha kuonea kilichobaki. Shemeji alininyanyulia kidole uani: "Jirani, kama anakwenda, usimwache aende peke yake. Huyo sasa anatia chumvi kwenye chai." Nikamwambia mimi ni mtu wa nyumbani. Akaniambia, "Ndiyo maana. Wewe hutamshawishi akae huko."

Sasa GPS. Siku zile wageni wa kutafuta madini walikuwa wanapita Mpanda kwa wingi, na mmoja wao Jirani alimfufulia Land Rover iliyokuwa imekataa kabisa kuishi. Wakati wa kuondoka, mgeni akamwachia kidude cha kushika mkononi, kikubwa kama nusu tofali, chenye vitufe na kioo cha kijivu. Kinaongea na setilaiti, alisema, kinakwambia ulipo popote duniani.

Tukakaa uani, watu wazima wawili, tumeinamia nusu tofali. Likatafuta. Tukanywa chai, likatafuta. Shemeji akapita na ndoo, akarudi na ndoo, bado linatafuta. Hatimaye likatoa namba. Jirani akanipa rula na ramani nimpimie, nikapima, nikainua kichwa.

"Tuko wapi?" akauliza, akinisogelea.

"Tuko Ilembo."

Akapiga paja. "Unaona! Unaona elimu!"

Nikamwambia habari hiyo ningeweza kumpa bila betri. Lakini hakunisikia. Kwa mtu aliyeuliza swali moja maisha yake yote, hatimaye alikuwa amepata kitu cha kumjibu.

Kazi ya kukiweka kile kidude kwenye ubao wa vipimo ilichukua muda mrefu kuliko bawa la kushoto. Ubao ulikuwa wa plaiwudi, umejaa saa zake zenye majina aliyoyaandika kwa rangi nyeupe: MWENDO, KIMO, MAFUTA, JOTO. Alitaka GPS ikae imara, lakini aweze kuichomoa akaingia nayo ndani, maana alijua mtaa wake. Kwanza akatengeneza kishikizo cha chuma. Kilikaa vizuri ajabu, ila dira iliyokuwa jirani yake ikaacha habari za kaskazini na kuanza kukiangalia kishikizo. Ukigeuza ndege, dira imetulia inakiangalia tu, kama mchumba. "Chuma kinaivuta," Jirani akasema. Usiku huo shemeji akapoteza sufuria ya wali, na kesho yake kishikizo kilikuwa cha alumini. Dira ikapata akili.

Halafu mtetemeko. Injini ya kobe ilitikisa ubao mpaka namba za kwenye kioo zikasomeka kama zinacheka. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akaweka vipande kwenye kila pembe, GPS ikawa inaelea. Akanikalisha nijaribu kuisoma. Hapo ndipo nilipotambua jambo: tundu alikuwa amelikata upande wa kulia. Kiti cha rubani kilikuwa kushoto.

"Jirani, umeiweka mbele ya abiria."

"Upande huu pamejaa."

Hapakuwa pamejaa. Pangetosha redio ya mbao. Lakini nilinyamaza, maana nilikuwa nimeelewa abiria ni nani na kazi yake ni kusoma. Alinichagua, alisema baadaye, kwa sababu nina elimu ya jiografia na uzito mdogo. Uzito mdogo ni kweli.

Sasa nifike kwenye K. Jirani hakukubali herufi za Kiingereza kwenye ubao wake. Akapaka dira upya: Kaskazini akaweka K. Mashariki akaweka M. Kusini akaweka K. Magharibi akaweka M. Akarudi nyuma akaitazama kazi yake kwa lenzi, akaridhika.

"Jirani," nikamwambia, "una K mbili."

"Naam."

"Na M mbili."

"Lugha yetu ni tajiri."

"Sasa mtu atajuaje K ipi ni ipi?"

"Mwenye akili atajua," akasema, akiangalia upande wangu, au wa mbuzi.

Zile namba za nyumbani, nilizompimia uani, aliziandika juu ya plasta nyeupe akaibandika chini ya GPS: K 6 20, M 31 04. Kisha, jioni moja nikiwa nafunga dirisha, akaziingiza mwenyewe kwenye kidude, na lenzi jichoni, ziwe alama ya kurudia. Jina la alama lilitakiwa lisizidi herufi sita, akaandika NYUMBA. Aliyetengeneza kidude hakujua Kiswahili. Kilimtaka achague herufi ya Kiingereza, ama ya kaskazini ama ya kusini. Jirani akasoma K kwenye plasta, na K ya kwanza kumjia mtu yeyote aliyesoma shule za kwetu, tulikoziimba pande za dunia kwa mpangilio, ni Kaskazini. Akabonyeza. M nayo ikawa Mashariki, kwa bahati.

Hivyo ndivyo nyumba yake ilivyohamia Sudani.

Ruhusa tuliyopewa kwenye uwanja wa ndege ilikuwa ya kukimbia chini tu, kujaribu magurudumu. Mwangalizi wa uwanja, mtu ambaye kazi yake halisi ilikuwa kufukuza ng'ombe, alisisitiza: "Chini tu, mzee. Nyie msiniletee mambo." Jirani akamwapia. Ilikuwa asubuhi ya msimu wa kuchoma misitu, moshi umelala juu ya miti kama blanketi lililosahaulika. Tulipokwishakaa, nikawasha GPS. Safari hii haikuchelewa.

"NYUMBA iko umbali gani?" akauliza.

"Moja, nne, sifuri, moja."

"Mita elfu moja na mia nne. Sawa kabisa. Kutoka hapa mpaka kwangu ni hapo hapo."

Na ni kweli, kutoka uwanjani mpaka Ilembo ni kama hapo hapo. Mimi, msomi wa jiografia, nikatikisa kichwa kukubali. Kiherufi kidogo kilichoandikwa pembeni ya namba, kilichosema kilomita, nilikiona nikadhani ni sehemu ya mapambo.

Tukakimbia chini. Tukakimbia chini zaidi. Halafu magurudumu yakaacha kugonga, na nikaona mwangalizi wa uwanja ananyooka, anakuwa mfupi, anakuwa kofia.

"Jirani! Tumeruka!"

"Imeruka yenyewe," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajawahi kuziona ngazi.

Tukaelekea upande wa Inyonga. Sitasema niliyaona mengi. Sehemu ya kwanza ya safari niliitazama mikono yangu. Nilipopata nguvu ya kuangalia nje, chini palikuwa na moshi, na katika moshi palikuwa na miti, na kila mti ulifanana na mwenzake. Mji haukuwepo. Nikamwambia.

"Ndiyo kazi ya mtambo," akasema kwa raha. "Mshale unaonyesha wapi?"

"Kushoto."

Akageuka mpaka mshale ukanyooka mbele. Jua likawa kulia kwangu. Tukaenda. Miti. Moshi. Miti.

"Mita zinapungua?"

"Zinapungua."

"Tulikuwa na ngapi?"

"Tulipogeuka, elfu moja mia nne na tano. Sasa ni elfu moja mia tatu tisini na tisa."

Akafikiri kidogo. "Muda wote huu tumekwenda mita sita?"

"Ndivyo inavyosema."

"Upepo wa mbele huo," akasema.

Nawaambia ukweli, nilimwamini. Nilikaa pale nikiuonea hasira upepo. Tulikuwa na nyumba iliyo mbele yetu kwa mita elfu moja na zaidi, tunaikaribia kwa mwendo wa kinyonga, na injini inaunguruma kama treni. Ndipo macho yangu yakashuka kwenye plasta. K 6 20. Nikatazama kioo. Herufi ya Kiingereza pale juu ya NYUMBA haikuwa ya kusini.

"Jirani. Ile K uliyoiingiza. Ni K ipi?"

Akanyoosha kidole akapapasa ile plasta.

"K ya kwetu," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Kwetu ni kusini mwa ikweta, Jirani. Hii inatupeleka vinamasi vya Sudani. Hizo si mita. Ni kilomita."

Hakutukana, hata kwa Kiingereza. Mikono yake ikakaza usukani, na kwa mara ya kwanza akageuza uso kunitazama, macho yana ule weupe wa maji ya mchele. "Basi mimi sioni, Jirani," akasema. "Zaidi ya ule mwanga, sioni kitu. Tuko wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo akihitaji jibu. Nikabandika uso kwenye kioo. Miti, moshi, miti. Kisha, mbele yetu, msitu ukawa na mstari. Mwembamba, umenyooka kama umechorwa kwa rula, ukikata miti kutoka upande mmoja mpaka mwingine.

"Naona reli!"

Akakunja uso kama mtu aliyesikia jina la mwanamke ambaye yeye alimtukana ujanani. "Ina treni?"

"Haina."

"Jua liko wapi?"

"Kulia."

"Napinda kushoto, basi. Niambie nikishaikalia. Ukiipoteza tumekwisha."

Sikuipoteza. Tukaifuata ile reli aliyoidharau maisha yake yote, mimi nikisema kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka moshi ukachanika na mabati yakaanza. Mabati mengi, yote ya kijivu, yote yanafanana. Nikaogopa upya. Mimi mji huu sijui. Najua dirisha langu na kinachoonekana dirishani. Na hapo, katikati ya kijivu chote kile, nikaona kipande chekundu. Nusu nyekundu, nusu kutu.

"Kwangu!" nikapiga kelele. "Jirani, kwangu kule! Naiona nusu!"

"Umeona ubaya wa kumaliza kazi," akasema, na pumzi ikamtoka.

Kutoka paa langu nilijua kila kitu: mti wa shemeji wa mapapai, barabara, kanisa, uwanja wa ndege. Lakini uwanjani kulikuwa na ng'ombe. Mfugaji mmoja Msukuma alikuwa amepitisha kundi lake lote, na mwangalizi alikuwa katikati yao anarusha kofia. Ikabidi tuzunguke. Tukazunguka mji taratibu, na Jirani akasema, kama mtu anayeomba chumvi, "Nieleze."

"Nikueleze nini?"

"Kilichopo."

Nikamweleza. Stesheni ile pale, na mabehewa mawili. Soko, na watu wametazama juu. Watoto wa shule wametoka nje, mwalimu anawarudisha, sasa mwalimu naye ametoka. Banda lako liko wazi, Jirani, hukufunga mlango. Shemeji yuko uani.

"Anafanya nini?"

Shemeji alikuwa ameinua mwiko juu na anautikisa kwa nguvu zote.

"Anapunga mkono," nikasema.

Akatabasamu. "Endelea."

Tukatua kwa macho yangu na mikono yake, nikiita "bado, bado, sasa," na ile "sasa" ilichelewa, tukaruka tena na kutua tena mpaka ardhi ikatukubali. Mwangalizi akaja mbio anatweta.

"Nyie! Nyie mmetoka wapi?"

"Sudani," nikamwambia. Ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikufika.

Ndege haikuruka tena. Uwanja ulitufukuza kwa maneno ambayo mwangalizi alikuwa ameyatunza kwa ajili ya ng'ombe. Jirani hakulalamika. Aliirudisha bandani, na kuku wa shemeji wakahamia kwenye kiti cha abiria, wakakiona kinafaa. Mimi nilirudi dirishani, na kwa muda mrefu watu walikuja kununua kiberiti wakauliza hali ya hewa ya Sudani.

Ukungu ukafunga. Alikuwa anakuja kwangu akipapasa ua, anakaa kwenye kreti ya soda, anauliza, "Habari za nusu?" Nami sikuwahi kuimalizia ile rangi; aliponiletea kopo jipya kutoka sijui wapi, nililiweka chini ya kitanda. Tulikaa hivyo, misimu ikipita, hadi asubuhi moja, mwishoni mwishoni mwa miaka ile ya tisini, alipokuja amevaa koti la kanisani.

"Jirani," akasema, "nakwenda Tabora. Kupasuliwa."

"Na shemeji?"

"Shemeji yako ana kuku. Nataka mtu wa kushika ngazi."

Mke wangu alikuwa ameshafunga mfuko wangu. Nadhani walikuwa wamepanga muda mrefu. Hata viatu vilikuwa vimepigwa rangi.

Tukakaa dirishani mwa behewa, upande wa kivuli. Treni ilipojivuta, akatoa kwenye koti ile nusu tofali, imefungwa kwenye kitambaa, na kile kishikizo cha sufuria bado kimeing'ang'ania. Alikuwa ameichomoa ubaoni. Akanipa. "Soma."

Nikaishika nje ya dirisha mpaka ikazipata setilaiti zake. Msitu ulikuwa umeshaanza. Ilembo haikuonekana, wala paa, wala chochote ninachokijua kwa jina.

"Tuko wapi?"

"K sita na kitu. M thelathini na moja."

"K ipi?"

"Kusini. Tuliirekebisha."

"Na NYUMBA?"

"Kumi na mbili." Nikatazama tena. "Kumi na tatu."

"Mita?"

"Kilomita, Jirani. Na zinaongezeka."

Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, macho ameyafumba, kama siku za bati. Nilipoangalia mikono yangu, nayo ilikuwa imeshika hivyo hivyo. Nadhani alinisikia nikihema, maana alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaupata wangu.

"Usiogope," akasema. "Reli hii inaishia Mpanda."